Sungura Aliyekwenda Kuona Sukari

Januari 2005 sungura wa katuni alikosana na Waziri wa Elimu wa Marekani. Sungura mwenyewe anaitwa Buster Baxter, na kosa lake lilikuwa kwenda jimbo la Vermont kutazama watu wanavyogema sukari kwenye mti. Mtu wa Pwani anayeijua kazi ya mgema hatashangaa. Mti unatobolewa, ndoo inatundikwa, utomvu unadondoka tone kwa tone majira ya baridi yakiisha, kisha unachemshwa mpaka ukolee. Lita 40 za utomvu hutoa kama lita moja ya shira. Moto unawaka kutwa, mvuke umejaa kibandani, watoto wanangoja kuonja.

Kipindi chenyewe, Postcards from Buster, kilikuwa kimebuniwa vizuri. Sungura wa kuchorwa anasafiri na baba yake ambaye ni rubani, na kila anapofika hukutana na watoto wa kweli, wa nyama na damu, wanaomtembeza kwao. Alikwisha kuingia nyumba za Wamormoni, za Waislamu, za Wayahudi na za Wapentekoste. Kule Vermont watoto waliompokea walikuwa na mama wawili. Akina mama hao walipita kwenye kamera kama mama yeyote anavyopita mgeni wa mwanawe akija, na mambo yao ya chumbani hakuna aliyeyagusa. Hadithi ilikuwa ya sukari.

Waziri Margaret Spellings, aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia ofisini, aliiandikia PBS, shirika la televisheni ya umma la Marekani, kwamba wazazi wengi hawangependa watoto wao wadogo waone maisha ya namna hiyo, na akataka shirika lifikirie kurudisha fedha za serikali zilizotumika. PBS nayo ilikiondoa kipindi hicho cha Vermont kwenye mgao wa vituo vyake. WGBH ya Boston, iliyokitengeneza, ikakipeleka yenyewe kwa vituo vilivyokitaka.

Nilikuwa nimeisahau habari hiyo mpaka Juni 2017, nikiwa kinyozini Majengo, Mombasa. Wiki ile Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya, KFCB, chini ya Ezekiel Mutua, ilikuwa imetangaza kupiga marufuku katuni sita kwa madai kwamba zinawafundisha watoto ushoga: The Loud House, The Legend of Korra, Hey Arnold, Steven Universe, Clarence na Adventure Time. Runinga ilikuwa juu ya kioo, na mtoto wa miaka kama saba ameketi kwenye ule ubao wanaoulaza juu ya mikono ya kiti ili kichwa kifikie mashine. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alisema, "Wallahi bodi imefanya la maana. Wanatuharibia watoto." Nikamuuliza kwa adabu, "Ami, umewahi kuzitazama hizo katuni?" Akanijibu bila kugeuka: "Sina haja ya kuonja sumu ndipo nijue ni sumu."

Duka zima lilicheka, nami nikanyamaza. Lilikuwa jibu zuri. Yanayofuata ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile, na yamechelewa kama majibu yangu yote.

Kwanza, ami, kuhusu sumu. Ni kweli hatuonji. Tunamwamini mkemia aliyeipima. Sasa tumtazame mkemia wetu. Hey Arnold ni katuni iliyoanza kuonyeshwa 1996 na kukoma 2004. Ndani yake yumo mwalimu mmoja, Simmons, mpole, mwenye moyo wa huruma. Muundaji wa katuni alisema baadaye kwamba alimfikiria mwalimu huyo kuwa shoga, lakini ndani ya katuni hakuna mtu anayelitamka hilo. Nayo Adventure Time, wale wasichana wawili waliozua gumzo walibusiana katika kipindi cha mwisho kabisa, Septemba 2018, yaani mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya tangazo la bodi. The Legend of Korra ilimalizika Desemba 2014 wanawake wawili wakishikana mikono na kutazamana. Basi. Dada zetu huku Pwani hushikana mikono kutoka Mackinnon mpaka Kongowea wakiitana "shoga yangu", na hakuna bodi iliyokaa kikao. (Neno lenyewe "shoga" ni ushahidi wa jinsi mawazo ya mtu mzima yanavyotembea: tumelichukua jina la urafiki wa wanawake, tumelifanya tusi la wanaume, na wanawake wanaendelea kuitana nalo kama kwamba hatukufanya kitu.)

Maabara hapo haikupima kitu. Aliyezikemea katuni hizi alizikemea kwa kusikia, au kwa kuogopa zitakachokuja kuwa.

Na hayo hayakuanzia Nairobi. Mwaka 1999 mhubiri wa Marekani Jerry Falwell, kupitia jarida lake, aliwaonya wazazi dhidi ya Tinky Winky wa Teletubbies kwa sababu ni wa zambarau, ana pembetatu kichwani na anabeba mkoba. Mwaka 2007 mtetezi wa haki za watoto wa serikali ya Poland alifikiria kuwaita wanasaikolojia wauchunguze mkoba uleule, kisha akarudi nyuma. Watoto waliomtazama Tinky Winky walikuwa wa miaka miwili. Waliona mkoba. Kuona kitanda ndani ya mkoba kunahitaji mtu mzima.

Hili ndilo linalonichosha katika mjadala mzima. Tunaambiwa kwamba kumwonyesha mtoto baba wawili ni kumwingiza mambo ya ngono. Lakini mtoto akionyeshwa baba na mama, hatusemi ameingizwa mambo ya ngono, ingawa ndugu yake mdogo hakushushwa na ndege. Katuni za watoto zimejaa arusi za mabinti wa wafalme, mabusu ya kuamsha waliolala, panya wanaotoa mioyo machoni panya jike akipita. Tumezikalisha familia nzima mbele ya hayo kwa miaka sitini tukila karanga. Maana yake mapenzi katika vipindi vya watoto hayatusumbui. Kinachotusumbua ni nani anapendana na nani, na hilo tungelisema wazi mjadala ungekuwa wa kweli zaidi.

Mtoto mwenyewe huwaeleza wazazi wake kwa wanachofanya jikoni na kazini. Septemba 2022 Peppa Pig, katuni ya Uingereza iliyokuwa imekaa hewani miaka 18, ilimleta dubu mdogo aitwaye Penny anayechora familia yake darasani. Anaeleza kwamba anaishi na mama wawili. Mmoja ni daktari, mwingine hupika tambi. Ndiyo utambulisho wote. Siku ile magazeti ya London yaliandika utadhani serikali imeanguka, ilhali mtoto wa miaka minne aliyekuwa kwenye zulia, ikiwa alishika neno, alishika tambi.

Wako pia waliojaribu njia ya kuficha. Katuni ya Kijapani ya Sailor Moon ilikuwa na wasichana wawili wapiganaji, Uranus na Neptune, wanaopendana waziwazi. Ilipotiwa sauti ya Kiingereza kwa ajili ya Amerika Kaskazini, waliogopa, wakawageuza binamu. Maneno yalibadilika lakini picha hazikubadilika, kwa hiyo watoto wakaonyeshwa mabinamu wanaotazamana kwa macho yaliyolegea. Kwetu dawa hiyo isingefaa kitu: Pwani binamu ni mchumba wa kwanza kufikiriwa.

Naijua hoja nzito zaidi, na sitaki kuikwepa. Ni hoja ya mzazi. Mei 13, 2019, katuni ya Arthur ilionyesha arusi ya mwalimu Ratburn, panya mkali anayetoa kazi nyingi za nyumbani, akimwoa Patrick, ambaye hutengeneza chokoleti. Wanafunzi wake wanashangaa kugundua kwamba mwalimu ana maisha nje ya darasa, na wanaona aibu jinsi anavyocheza dansi. Televisheni ya umma ya Alabama ilikataa kuonyesha kipindi hicho, ikarudia cha zamani, kama ilivyokuwa imemkataa Buster mwaka 2005. Msimamizi wa vipindi alieleza kwamba wazazi wanawaacha watoto wao mbele ya kituo hiki bila kuwasimamia kwa sababu wanakiamini, na kuonyesha arusi ile kungekuwa kuivunja imani hiyo.

Nami ni mzazi, na rimoti ya nyumbani kwangu inajulikana inalala wapi. Mzazi akizima, sina neno. Lakini kituo kilichokataa ni cha umma, na katika umma huo wamo pia wanawake wawili wanaolea mtoto Huntsville au Mobile, hukohuko Alabama, wanaolipa kodi, wanaomwacha mtoto wao mbele ya kituo kilekile wakikiamini. Imani yao ilivunjwa na hakuna aliyewaomba radhi. Mtoto wao alikwisha kuona sungura, panya na wanyama wa kila aina wakiwa na familia. Ilipofika zamu ya watu kama wa kwao, akawekewa marudio. Mzazi anayekataa anaweza kuzima. Mzazi anayetaka hawezi kuwasha kisichotumwa. Ukisema "mwachie mzazi aamue", basi mwachie kweli.

Na jambo jingine kuhusu Buster ambalo Waziri Spellings hakuliandikia barua: wazazi wa Buster wameachana. Ndiyo sababu anasafiri na baba. Marekani ya wahafidhina, inayosema ndoa ni nguzo, ilimkubali sungura wa talaka kwa miaka bila kuogopa kwamba watoto watakwenda kuwaomba wazazi wao waachane. Kila mtu alielewa kwamba katuni inawatazama watoto wa talaka kwa sababu wapo, wanakwenda shule, na wanastahili kumwona mtu wa kwao. Hoja ya kuiga ilikuja ghafla siku ya akina mama wawili. Mtoto huiga, sikatai. Kizazi changu kilirukaruka kutoka juu ya makabati kwa ajili ya katuni, na wako wenye makovu. Huiga kuruka, kupiga, kutukana. Aina ya wazazi haiigiki, ami. Hadithi zetu zimejaa mayatima na mama wa kambo, na hakuna mtoto aliyezisikia akaamka yatima. Sungura wetu wa ngano, kama tunaangalia maadili, ni mwongo, mwizi na muuaji, na bado tunawalaza watoto naye.

Sheria nayo hutajwa haraka. Kenya vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vipo, na Mei 24, 2019, siku kumi na moja baada ya arusi ya Ratburn, Mahakama Kuu Nairobi ilikataa kuvifuta. Vinaadhibu kitendo. Hakuna kifungu kinachofanya kuwa kosa mtu wa kuchorwa kumfungashia mwanawe nguo za kulalia. Na hicho ndicho wanachofanya Howard na Harold McBride wa The Loud House, ambao mtoto wao Clyde analala kwa rafiki kwa mara ya kwanza, nao roho haitulii. Kama wasiwasi wa wazazi ni uchafu, mama yangu angekuwa amefungiwa zamani. Na kule Vermont sheria haikuwa upande wa waziri: jimbo lile lilikuwa limeutambua muungano wa watu wa jinsia moja tangu 2000, na Massachusetts, iliko WGBH, ilikuwa imeruhusu ndoa yao tangu Mei 2004. Buster aliingia nyumba halali.

Kisha mila. "Afrika haina mambo haya." Sitasema Afrika ilikuwa na kila kitu, wala sitageuza mila za watu ziseme ninachotaka kusikia. Lakini Wanandi, Wakamba na Wakuria wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania wanaijua ndoa ya mwanamke kumwoa mwanamke. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hulipa mahari, humleta mke nyumbani, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake na hurithi. Haikuhusu mapenzi ya wawili hao bali uzao na mali, na anayeiuza kama ushahidi wa mapenzi anadanganya. Ninachokitaka hapo ni kimoja tu, mtoto. Mtoto huyo hukua katika boma lenye wanawake wawili, na mmoja wao, mbele ya sheria za mila, ndiye mume. Kijiji humwita kwa jina lake, humpa zamu ya kuchunga na fungu lake la nyama. Mwaka 2011 Mahakama Kuu hapahapa Mombasa, dakika chache kutoka kwa kinyozi wetu, iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika kesi ya mirathi. Jaji hakusema watoto wafichwe mpaka wakubwa wakubaliane jina la kuiita nyumba yao.

Na Kiswahili chenyewe, kabla hakijaguswa na runinga ya mtu, kinamruhusu mtoto kuwa na mama mkubwa, mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo. Nani kati yetu alilelewa na watu wawili tu?

Hoja ya dini siigusi kwa ubishi. Anayeamini kwamba jambo ni haramu ana haki ya kumfundisha mwanawe hivyo, na watu wamekuwa wakifanya hivyo kwa pombe na nguruwe, vitu ambavyo runinga huvionyesha usiku na mchana. Mtoto wa Kiislamu hutazama Peppa Pig, familia nzima ya nguruwe, akajua kwao nguruwe haliwi. Malezi yake hayajavunjika. Kama nyumba inaweza kumfundisha hilo, inaweza kumfundisha na hili bila msaada wa kumfuta mtoto wa jirani kwenye picha.

Ajenda ya kizungu, basi? Hapa nina hasira ya upande wa pili pia. Kampuni kubwa za Marekani si mashujaa wangu. Hujisifu kwa busu wanaloweza kulikata wakifika soko lisilolitaka, na wakati mwingine humchora mhusika ambaye kazi yake yote ni kuwa shoga, hana hamu ya tambi wala aibu ya dansi. Huo ni uvivu wa utunzi na watoto huuona kabla yetu. Lakini katuni hizi hatukuletewa kwa jahazi la vita. Tulinunua king'amuzi, tukalipia mwezi, tukamkabidhi mtoto rimoti tukaenda kupika. Jioni tunawakalisha watoto walewale mbele ya tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti ya Kiswahili, ambamo masuria wa Sultan Suleiman wanatiliana sumu, sumu hasa, ami, ya kikombeni, na wana wa mfalme wananyongwa kwa kamba, na asubuhi yake tunaulizana barazani nani amekufa.

Anayetaka watoto wajione wenyewe ana kazi ya kufanya. Dar es Salaam watu wa Ubongo wanaifanya tangu muongo uliopita: Ubongo Kids na Akili and Me, kwa Kiswahili, watoto wetu, hesabu zetu, nyani wetu. Hiyo ni njia ngumu, inataka wachoraji na fedha na miaka. Kutangaza marufuku ya katuni sita kunataka kipaza sauti, na hakuzai hata katuni moja.

Yule mtoto wa kinyozini hakuwa akitusikiliza. Juu ya kioo ilikuwa ni The Loud House hasa, marufuku ikiwa bado mbichi magazetini: watoto kumi na mmoja, wasichana kumi na mvulana mmoja, wanasukumana mlangoni pa choo. Kinyozi alimshika kichwa akakiinamisha, mtoto akakirudisha juu kulekule kwenye picha, mara tatu. Akina McBride walipita wakiwa na Clyde wao. Hakusema kitu. Mlango wa choo uliporudi, aligeuka ghafla hata mashine ikamwacha alama nyuma ya sikio, akamuuliza yule mzee wa ndevu za hina, ambaye kumbe ndiye babu yake:

"Babu, nyumba yote hiyo kubwa, mbona wana choo kimoja?"

Mzee aliiangalia ile runinga kwa mara ya kwanza tangu aingie. Akaitazama sana. "Sisi tulikuwa kumi na wanne," akasema. "Na chetu kilikuwa nje."

Akavuta kiti, akaketi, wakaendelea kuitazama wawili.